Kukatika, Kukatwa na Kuhujumiwa: Lugha ya Mikongo ya Baharini Wakati wa Vita

1. Utangulizi

Siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, huduma za intaneti zilidhoofika ghafla nchini Tanzania na katika nchi kadhaa za jirani. Mikongo miwili ya mawasiliano ipitayo chini ya Bahari ya Hindi, yaani EASSy na SEACOM, ilikuwa imepata hitilafu katika eneo la bahari lililo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano wakati huo, Nape Nnauye, aliwatangazia wananchi tatizo hilo siku hiyo hiyo. Ukarabati ulichukua takriban wiki tatu. Midomoni mwa watu habari nzima ilikuwa sentensi moja fupi: mkongo umekatika.

Miezi mitatu kabla ya hapo mikongo mingine ilikuwa imeharibika katika Bahari ya Shamu, mahali palipokuwa na vita. Habari za tukio hilo ziliposimuliwa kwa Kiswahili, kitenzi kilibadilika. Baadhi walisema mikongo imekatwa. Wengine walisema imehujumiwa. Kwa msikilizaji wa kawaida maneno haya matatu yanaweza kuonekana kama njia tatu za kusema jambo lile lile. Sivyo. Kila moja lina madai yake kuhusu nani aliyetenda, na wakati wa vita madai hayo yana uzito wa mashtaka.

Mhadhara huu unakusudia kueleza uhusiano uliopo baina ya kauli za kitenzi cha Kiswahili na utoaji wa lawama pale njia za mawasiliano za baharini zinapoharibika. Hoja yake kuu ni kwamba sarufi ya Kiswahili inampa msemaji vyombo sahihi vya kupima anachokijua na asichokijua, na kwamba makosa hutokea pale vyombo hivyo vinapotumiwa kinyume: mtenda anapotajwa kabla hajajulikana, au anapofichwa baada ya kujulikana.

Wilaya ya Kisarawe itatumika kuwa mahali pa kutazamia suala hili. Kisarawe imo katika Mkoa wa Pwani, lakini tangu Mkuranga ilipotengwa kuwa wilaya kamili haina ufuko wa bahari hata mmoja. Imepakana na Kibaha upande wa kaskazini, na jiji la Dar es Salaam liko mashariki yake, ng'ambo ya vilima vya Pugu. Ni sehemu ya Pwani isiyo na pwani. Hata hivyo, mwalimu wa Minaki anayetafuta kitabu mtandaoni, au mfanyabiashara wa Maneromango anayewasiliana na mteja aliye nje ya nchi, hutegemea nyuzi zilizolala baharini. Watu kama hawa hawawezi kwenda kujionea mahali mkongo ulipokatika. Wanachopewa ni maneno tu, na kwa sababu hiyo uteuzi wa maneno si jambo dogo kwao.

2. Simu ni waya: historia fupi

Ni vyema kuanza na neno ambalo kila msemaji wa Kiswahili analitumia kila siku. Neno simu limetokana na Kiajemi, ambamo sim ni waya. Lilipoingia katika matumizi ya Waswahili wa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, lilihusu kwanza habari zilizopelekwa kwa waya, kabla ya kuhamia kwenye chombo cha kuzungumzia. Redio ya mawasiliano isiyo na waya ilipokuja, iliitwa simu ya upepo. Leo mtu anashika mkononi simu isiyo na waya wowote na kudhani kwamba maana ya asili imekufa. Kwa kweli waya haukutoweka. Umehamia mahali usipoonekana, yaani chini ya ardhi na chini ya bahari.

Waya wa kwanza wa baharini kufika katika pwani ya Waswahili ulifungamana na vita tangu kuzaliwa kwake. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Uingereza lilishindwa vibaya na Wazulu huko Isandlwana. Habari za kushindwa huko zilifika London tarehe 11 Februari, baada ya siku 20, kwa kuwa sehemu ya safari ya habari hizo ililazimika kufanywa kwa meli. Serikali ya Uingereza iliona hatari ya kuendesha vita mbali bila mawasiliano ya haraka. Kabla ya mwaka huo kwisha, kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikuwa imetandaza waya kutoka Durban kupitia Msumbiji na Zanzibar hadi Aden, ambako uliungana na nyaya zielekeazo Ulaya. Katika miaka ya 1890 Zanzibar ikawa pia kiungo cha kuelekea Mombasa, Bagamoyo na Dar es Salaam.

Chombo kilichotandazwa kwa ajili ya vita kilikuwa pia shabaha ya vita. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, mojawapo ya vitendo vya awali kabisa vya Uingereza ilikuwa kuzikata nyaya za baharini za Ujerumani katika Mlango wa Uingereza, tarehe 5 Agosti 1914. Afrika Mashariki haikukawia kuguswa. Tarehe 8 Agosti meli ya kivita ya Uingereza, Astraea, iliipiga Dar es Salaam kwa mizinga, ikikusudia kuharibu kituo cha simu ya upepo. Njia ya waya kupitia Zanzibar ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Kiingereza, na kwa hiyo haikuweza tena kuwatumikia Wajerumani. Makao ya serikali ya kikoloni yalihamishiwa Morogoro, kwa kuifuata Reli ya Kati iliyopita katika nchi ya Wazaramo kupitia Pugu na Ruvu. Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo kwingineko: tarehe 9 Novemba 1914 mabaharia wa meli yao Emden waliteremka katika kisiwa cha Direction, katika Bahari ya Hindi, ili kubomoa kituo cha simu na kukata nyaya za Waingereza.

Katika mifano hii yote hakuna utata wa kisarufi. Mtenda anajulikana, nia inajulikana, na kitendo kilifanywa hadharani. Waingereza walikata, nyaya zilikatwa na Waingereza. Ugumu wa leo ni wa aina nyingine, na hauwezi kueleweka bila kwanza kutazama mkongo wenyewe na namna unavyoharibika.

3. Mkongo na namna unavyoharibika

Nchini Tanzania neno mkongo limeenea sana kutokana na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, mradi ulioanza kujengwa mwaka 2009. Nchini Kenya husikika zaidi kebo au nyaya. Mwaka huo huo wa 2009, mwezi Julai, SEACOM ilianza kazi ikiwa na vituo vya nchi kavu katika miji kadhaa ya pwani, ikiwamo Dar es Salaam na Mombasa; mkongo wa TEAMS uliiunganisha Mombasa na Fujairah, katika Falme za Kiarabu; na EASSy ukafuata mwaka 2010, ukipita baina ya Sudan na Afrika Kusini kwa umbali wa takriban kilometa 10,000. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipitia kwenye setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa kasi ndogo.

Ndani ya mkongo wa baharini mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazopitisha mwanga. Baada ya kila umbali wa kilometa kadhaa kumi huwekwa chombo cha kuuongezea mwanga huo nguvu. Katika kina kirefu mkongo mzima si mnene kuliko mpira wa kumwagilia bustani. Karibu na ufuko huvikwa nyaya za chuma na mara nyingi hufukiwa chini ya sakafu ya bahari, kwa sababu huko ndiko kwenye meli nyingi na wavuvi wengi.

Kwa mujibu wa takwimu za kamati ya kimataifa ya kulinda mikongo, hitilafu kati ya 150 na 200 hutokea duniani kila mwaka, na nyingi kati yake, yapata robo tatu, husababishwa na shughuli za uvuvi na nanga za meli. Nyingine hutokana na matetemeko, maporomoko ya ardhi chini ya bahari, au uchakavu. Hujuma iliyothibitishwa ni sehemu ndogo mno. Mfano wa Mombasa unafaa kukumbukwa: Februari 2012, siku chache tu baada ya mikongo mitatu, mmojawapo EASSy, kukatika katika Bahari ya Shamu, meli iliyosubiri kuingia bandarini iliteremsha nanga mahali palipokatazwa na kuukata mkongo wa TEAMS. Intaneti ya Kenya na ya majirani zake ikapungua sana. Hapakuwa na vita Mombasa. Palikuwa na uzembe.

Mkongo unapoharibika, mafundi walio katika kituo cha nchi kavu hupeleka mwanga ndani ya nyuzi na kupima muda unaotumika kurudi. Kwa hesabu hiyo wanaweza kujua hitilafu iko umbali gani. Kisha meli maalumu hupelekwa, huunasa mkongo kwa ndoano, huupandisha juu, huunga kipande kipya na kuushusha tena. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba kipimo cha mwanga hujibu swali la wapi. Hakijibu swali la nani. Jibu la swali la pili hutafutwa kwa njia nyingine: kumbukumbu za mienendo ya meli, alama zilizoachwa kwenye sakafu ya bahari, hali ya ncha za mkongo uliopandishwa, na ushahidi wa watu. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, na pengine miezi. Magazeti na redio haziwezi kungoja muda wote huo; nazo hulazimika kuchagua kitenzi siku ya kwanza.

4. Bahari ya Shamu, 2024

Tukio la Bahari ya Shamu linaonesha ugumu huo kwa ukamilifu. Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walizishambulia meli zilizopita katika bahari hiyo, wakieleza kwamba wanafanya hivyo kwa sababu ya vita vya Gaza. Katika eneo hilo jembamba hupita mikongo mingi iunganishayo Ulaya, Asia na Afrika Mashariki. Serikali ya Yemen inayotambuliwa kimataifa ilitoa tahadhari kwamba mikongo hiyo huenda ikashambuliwa. Hivyo, hata kabla ya uzi wowote kukatika, neno la hujuma lilikuwa limekwisha kuandaliwa.

Tarehe 18 Februari 2024 meli ya mizigo Rubymar, iliyobeba mbolea, ilipigwa kwa kombora la Wahouthi. Mabaharia waliihama. Meli ilibaki ikielea bila watu, nanga yake ikiwa imeteremshwa, huku ikisukumwa na upepo na mikondo. Tarehe 24 Februari mikongo mitatu ilikatika katika eneo hilo: AAE-1, EIG, na ule wa SEACOM unaotumiwa pamoja na kampuni ya Tata. Wahouthi walikana kuigusa. Tarehe 2 Machi Rubymar ilizama. Maofisa wa Marekani na wataalamu wa mikongo walieleza kwamba sababu inayoelekea zaidi kuwa ya kweli ni nanga ya meli hiyo kuburuta juu ya mikongo.

Ni nani basi aliyeikata mikongo ile? Mlolongo wa sababu una hatua nne: kombora, meli iliyohamwa, nanga iliyoburuta, mikongo iliyokatika. Aliyerusha kombora alikusudia meli, na hakuna ushahidi uliowekwa hadharani kwamba alikusudia mikongo. Aliyeteremsha nanga alikuwa akiyaokoa maisha yake. Nanga yenyewe haina nia. Anayesema ilikuwa ajali tupu anaisahau hatua ya kwanza. Anayesema ilikuwa hujuma dhidi ya mikongo anaziruka hatua mbili za katikati.

Suala hili halikuwa la nadharia. Ukarabati ulichelewa kwa miezi, kwa kuwa meli ya mafundi ilihitaji kibali cha kuingia katika maji ya Yemen na usalama wa kufanyia kazi mle, katika nchi ambayo pande mbili zinazopigana zilidai kila moja kuwa ndiyo mamlaka. Katika mazingira kama hayo, taarifa inayoutuhumu upande mmoja bila ushahidi inaweza kuwa sababu ya kunyimwa njia. Matokeo yake yanafika mbali: mikongo hiyo iliyokuwa haijatengenezwa ilikuwa mojawapo ya njia mbadala ambazo Afrika Mashariki ingezihitaji pale EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu upande wa kusini mwezi Mei.

5. Sarufi ya lawama

Kiswahili kina vyombo vya kutosha vya kulisimulia tukio la namna hii bila kudanganya. Cha kwanza ni kauli ya kutendeka, inayoundwa kwa kiambishi -ik- au -ek-. Katika sentensi Mkongo umekatika, msemaji anataja hali iliyopo na kunyamaza kuhusu mtenda. Ukimya huo ni wa kisarufi: haikubaliki kusema mkongo umekatika na meli. Sababu inaweza kuongezwa kwa kutokana na au kwa sababu ya, lakini mtenda hana nafasi.

Cha pili ni kauli ya kutendwa, yenye kiambishi -w-. Katika Mkongo umekatwa, mtenda hakutajwa, lakini yupo. Sentensi imemwachia kiti kitupu, na msikilizaji anangoja kuona nani atakikalia. Tofauti hii inafahamika hata kwa mtoto. Mtoto huja jikoni akasema, "Mama, kikombe kimevunjika." Mama hujibu, "Nani kakivunja?" Mtoto amechagua kauli ya kutendeka kwa sababu inamfaa, na mama ameikataa kwa sababu hiyo hiyo.

Cha tatu ni tofauti baina ya na na kwa. Mkongo umekatwa na nanga huipa nanga nafasi ya mtenda na kuufunga mjadala. Mkongo umekatwa kwa nanga huifanya nanga kuwa kifaa, na kifaa kina mkono uliokishika. Ndiyo tofauti iliyopo kati ya mtu aliyekatwa na kisu, ambaye pengine alikuwa akimenya mihogo, na mtu aliyekatwa kwa kisu, ambaye kesi yake inaweza kufika polisi. Herufi chache zinatenganisha ajali na jinai.

Cha nne si kauli ya kitenzi bali ni msamiati. Neno hujuma limetokana na Kiarabu, ambamo hujum ni shambulio. Katika Kiswahili cha leo maana yake imeelekea zaidi kwenye uharibifu wa makusudi, hasa unaofanywa kwa siri. Kwa Watanzania neno hili lina kumbukumbu nzito zaidi. Mwaka 1983, Edward Moringe Sokoine akiwa Waziri Mkuu, iliendeshwa kampeni kubwa dhidi ya wahujumu uchumi. Sheria maalumu ilitungwa mwaka huo na nyingine ikachukua nafasi yake mwaka 1984, na hadi leo makosa ya uhujumu uchumi ni miongoni mwa yale yanayoogopwa sana mahakamani. Neno hilo hilo hutumiwa kwa mwizi wa nyaya za shaba za simu au za umeme, ambaye husemwa kuwa anahujumu miundombinu. Kwa hiyo mwandishi anayesema mkongo umehujumiwa haelezi tukio, anasoma hukumu. Ametaja kwa neno moja mtenda, nia na hatia, ijapokuwa jina la mtu halikutamkwa.

Upande wa pili wa mizani lipo neno hitilafu, lipendwalo sana katika taarifa rasmi. Asili yake ni Kiarabu pia, kwa maana ya tofauti au kutokubaliana. Hitilafu hutokea, haitendwi. Ni neno lenye adabu na mara nyingi ni la kweli, hasa katika saa za mwanzo. Ila likishikiliwa baada ya ukweli kujulikana linageuka kuwa pazia.

Kwa kuzingatia vyombo hivi, tukio la Rubymar laweza kusimuliwa hivi: meli ilipigwa kombora na Wahouthi, mabaharia wakaihama, siku sita baadaye mikongo mitatu ilikatika, na inaelekea ilikatwa na nanga ya meli hiyo. Kila kitenzi hapa kimebeba kiasi kile tu cha ujuzi kilichopo. Sentensi hiyo ni ndefu kuliko mikongo imehujumiwa, lakini urefu wake ndio ukweli wake.

6. Sheria nayo huuliza nani, na kwa nia gani

Tofauti zinazofanywa na sarufi hufanywa pia na sheria ya kimataifa. Mkataba wa kwanza wa kulinda nyaya za baharini ulitiwa sahihi Paris tarehe 14 Machi 1884. Uliufanya uharibifu wa nyaya kuwa kosa, uwe umefanywa kwa makusudi au kwa uzembe. Lakini kifungu chake cha 15 kilieleza kwamba masharti ya mkataba hayaondoi uhuru wa kutenda wa nchi zilizo vitani. Kilichofanywa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1914 kilipata nafasi katika mwanya huo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, ulirithi wazo hilo. Kifungu cha 113 kinazitaka nchi wanachama zitunge sheria za kuwaadhibu watu wao au meli zao zinazokata mkongo katika bahari kuu kwa makusudi au kwa uzembe wenye hatia. Kinawaondolea hatia wale waliotenda kwa lengo la kuokoa maisha yao au meli zao, ilmradi wawe wamechukua tahadhari zote zilizohitajika. Joseph Sinde Warioba wa Tanzania alikuwa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, kwa hiyo nchi za Waswahili si wageni katika uwanja huu.

Inaonekana basi kwamba sheria inatambua ngazi tatu: aliyekusudia, aliyezembea, na aliyejiokoa. Neno hujuma linaifaa ngazi ya kwanza peke yake. Mkongo wa TEAMS wa mwaka 2012 ulikuwa katika ngazi ya pili, na mabaharia wa Rubymar wana hoja ya kudai ngazi ya tatu. Mfasiri wa Kiswahili anayetumia hujuma kwa ngazi zote tatu anaharibu kazi iliyofanywa kwa uangalifu na watunga sheria kwa zaidi ya miaka 100.

7. Kuzimika na kuzimwa

Ingekuwa upungufu kuishia kwenye hatari ya kulaumu mapema. Hatari ya kunyamaza mno ni kubwa vile vile, nayo haihitaji vita vya mbali. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu wa Tanzania ulioambatana na maandamano na vurugu, intaneti ilitoweka katika nchi nzima, na ilianza kurejea tarehe 3 Novemba. Mtu wa Kisarawe aliyeishika simu yake siku ile aliona kile kile alichokiona Mei 2024: ukurasa usiofunguka. Je, alipaswa kusema mtandao umekatika, umezimika, au umezimwa?

Hapa ushahidi haukuwa baharini. Mikongo ya EASSy na SEACOM ilipoharibika mwaka 2024, athari zilionekana kwa wakati mmoja Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Msumbiji na Madagaska, kwa kuwa uzi uliokatika ni wa wote. Na hata hivyo sehemu ya mawasiliano iliendelea kupita katika njia zilizobaki. Mwaka 2025 kukatika kulisimama kwenye mipaka ya nchi moja, na majirani wanaotumia mikongo ile ile waliendelea na mawasiliano yao. Bahari haijui mipaka ya Namanga wala Tunduma. Hitilafu inayoijua mipaka hiyo ina mtenda, na kauli inayoistahili ni ya kutendwa: mtandao ulizimwa. Shirika la NetBlocks, linalofuatilia hali ya intaneti duniani, lilitoa taarifa kwa msingi wa vipimo vya namna hiyo.

Mifano hii miwili inafundisha kanuni moja kutoka pande mbili. Katika Bahari ya Shamu haraka ya kusema wamekata ilitangulia ushahidi. Katika tukio la Oktoba 2025, kusema imekatika kungekuwa kuukimbia ushahidi. Kauli ya kutendeka ni uaminifu pale mtu asipojua. Pale anapojua, ni uongo wa kistaarabu.

8. Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonesha kwamba mkongo wa baharini, ingawa ni chombo cha mafundi, hufika kwa wananchi walio wengi ukiwa umevikwa maneno. Tangu mwaka 1879 waya wa baharini katika pwani ya Waswahili umekuwa mtoto wa vita na mwathirika wa vita. Kilichobadilika ni kwamba zamani aliyeukata alijitangaza, na sasa mara nyingi hajulikani, au hayupo, au ni msururu wa sababu ambao hakuna aliyeukusudia wote.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa kwa wanafunzi na wataalamu wa lugha. Kwanza, mafunzo ya uandishi wa habari na ufasiri kwa Kiswahili yasizifundishe kauli za kitenzi kama maumbo ya kukaririwa tu. Yazifundishe kama viwango vya ushahidi: kutendeka kwa lililoonekana, kutendwa kwa lililothibitika kuwa na mtenda, na kutenda kwa mtenda anayejulikana kwa jina. Pili, istilahi za sheria ya bahari zitafsiriwe kwa namna inayotenganisha makusudi, uzembe na kujiokoa, na neno hujuma libakizwe kwa makusudi. Tatu, taarifa za awali zirekebishwe pale ujuzi unapoongezeka. Aliyesema umekatika siku ya kwanza hana aibu ya kusema ulikatwa na fulani mwezi wa pili, na aliyesema umehujumiwa anawajibika kurudi na kusema haikuwa hivyo.

Mikongo itaendelea kukatika. Nanga zitaburuta, na vita havitaacha kuzikaribia njia za mawasiliano ambazo dunia inazitegemea. Wananchi wa Kisarawe, kama wenzao wa kila mahali mbali na ufuko, hawatakuwa na namna ya kuishuka bahari ili kuchunguza ncha za uzi. Watamtegemea yule atakayewaambia habari, na kwanza kabisa watategemea kama aliyewaambia alijua tofauti kati ya kukatika na kukatwa, na kama aliiheshimu.